Kisanduku cha Karafuu Mbichi

Siku hizi baraza la nyumba ya Kazija, kule Mtambile, limenyamaza. Kitu kikiwekwa pale hubaki pale pale mpaka mwenyewe aje akiondoe. Hakuna kamba inayoburura kisanduku, hakuna mshindo wa kitu kuanguka, hakuna mwanamme anayejisemea peke yake huku akitikisa kichwa. Waendao madukani walizoea kusimama wakatazama. Sasa wanasalimu, wanajibiwa, wanapita.

Mwenye mshindo ule alikuwa Jaribu bin Mabruki, mume wa Kazija. Baba yake, mchumaji karafuu, mtoto wa watu waliotoka bara, alimtia skuli kwa ubishi wakati wenziwe wakimcheka. Jaribu akasoma, akawa msaidizi wa mwalimu, akiwafundisha watoto wadogo kuandika. Lakini hakutulia. Akikaa, ungedhani kakalia siafu. Akila, macho yako njiani. Aliutaka ualimu kamili, na ualimu kamili ulikuwa chuoni, Unguja, na mlango wa chuo ulikuwa mtihani. Mwaka ule, vita vya pili vya dunia vikiwa vimeshakwisha, aliambiwa kwamba kwa umri wake ataruhusiwa kuufanya mara moja tu. Akianguka, hata usaidizi atapewa mwengine, naye atarudi kupanda mikarafuu kama baba yake.

Hesabu aliiweza. Kilichomkosesha raha ni somo la nguvu na mwendo. Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda Chake Chake, mtaa wa Madungu, ambako Mwalimu Matano aliwasomesha watahiniwa ukumbini kwake.

"Magari mawili ya ng'ombe," alisema Mwalimu siku moja. "Nguvu inayovuta ni moja. Hili limepakia pishi mia za karafuu mbichi, lile pishi mia za karafuu kavu. Lipi litazidisha kasi upesi?"

Jaribu aliruka. "Yote sawa, Mwalimu! Pishi mia na pishi mia."

Lilikuwa jibu la mtoto wa shamba. Maisha yake yote alimwona baba yake akishuka mtini na pakacha, karafuu zikimiminwa kwenye pishi, na pishi ndiyo iliyosema kazi ya siku ilikuwa kubwa au ndogo. Haikumpitikia akilini kwamba pishi ni chombo tu. Hupima kinachojaa, haipimi uzito.

"Ng'ombe wa Mtambile huyo!" alipaza sauti Vuai, kijana wa Jadida, Wete. "Kabla hajavuta anauliza kwanza, pishi ngapi?"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Vuai, funga domo," alisema Mwalimu Matano. "Nimekuona ulivyotaka kusema yayo hayo, ila mwenzio kakuwahi. Na wewe Jaribu, usiniambie kinachojaa kisanduku. Niambie kinachomlemea ng'ombe."

Kicheko kile alirudi nacho mpaka nyumbani. Kesho yake alitwaa kisanduku cha mbao, akakijaza karafuu mbichi kutoka mikekani uani, akakifunga kamba, akakivuta barazani. Akakimwaga, akakijaza kavu, akakivuta tena. Mara mbichi zilikwenda upesi, mara kavu. Akavuta mpaka viganja vikawasha. Ndipo alipogundua kwamba akivuta mbichi humkumbuka Vuai, na mkono hukaza. Mkono wenye hasira hauna nguvu moja. Alihitaji kitu kisichokumbuka lolote.

Akaingia jikoni akachukua mbuzi ya kukunia nazi. Akaifunga kwenye ncha ya kamba, akaining'iniza ukingoni mwa baraza ili uzito wake ndio uvute.

"Jaribu!" Kazija alitoka na nazi iliyovunjwa mkononi. "Mbuzi yangu iko wapi?"

"Inafanya kazi."

"Kazi yake mie naijua. Weye hutaki kula leo?"

"Subiri kidogo, bibi wee. Naipima nguvu."

"Nguvu ya nazi?" Kazija akageukia ndani. "Mama! Njoo umwone mwanao, kainyonga mbuzi."

Bi Time, mama yake Jaribu, alichungulia mlangoni. "Muache, mwanangu. Baba yake naye alianza hivihivi, akaishia kunioa mie."

Jaribu hakucheka. Aliiachia kamba, na kisanduku hakikwenda. Mbuzi ilining'inia tu. Udongo wa baraza ulikuwa umekishika. Akatandika ubao, akaupaka mafuta ya nazi, akaachia tena. Kisanduku cha karafuu mbichi kikaanza kujikokota, kikaongeza mwendo kidogo kidogo hadi ukingoni. Akajaza kavu, pishi ile ile. Kikachomoka kama kilichofukuzwa, na mbuzi ikapiga chini kwa kishindo.

Alisimama akitweta ingawa hakuvuta kitu. Nguvu moja, uzito mbalimbali, kasi mbalimbali. Na ule udongo nao ulimwambia lake: si nguvu yote huingia katika mwendo, sehemu huliwa na kinachozuia.

Siku ya mtihani, Chake Chake, swali lilikuja hivi: gari na mzigo wake lina ratili mia nane, linavutwa kwa nguvu ya paundali elfu mbili, njia inazuia kwa paundali mia nne, kasi yake inazidi kwa kiasi gani? Wa mbele yake alikuwa ameshaanza kuandika. Mguu wa Jaribu ulitikisika chini ya meza. Mkono ulitaka kuigawa elfu mbili papo hapo, umalize, utoke. Akauzuia. Kwanza akaondoa kinacholiwa na njia: zikabaki elfu moja na mia sita. Akazigawa kwa mia nane, maana paundali moja huizidishia ratili moja kasi ya futi moja kwa sekunde, kila sekunde. Futi mbili kwa sekunde, katika kila sekunde. Akaisoma tena, akaiacha.

Habari ilipofika kwamba amepita, Bi Time alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kazija aliendelea kuanika karafuu, akizitandaza kwa kiganja.

"Hunipi hata pongezi?" Jaribu alimuuliza.

"Hongera." Hakuinua uso. "Nilikuombea upite. Kisha sala iliyofuata nikaomba usipite. Mungu kasikia ya mwanzo."

"Chuo hakipokei wake, Kazija. Ningekuchukua."

"Najua. Ungekaa ungekuwa maiti anayetembea. Nenda."

Jaribu alisogea mkekani. Akainama, akatandaza karafuu pamoja naye mpaka mkeka ukaisha, na hata pale mguu wake haukutulia.

Jaribu bin Mabruki yuko Unguja, chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Kazija yuko Mtambile na Bi Time.