Tangawizi Niliyoigomea Bei Asubuhi

Jamani, leo nimeringa sokoni Same mpaka nimejitia hasara mwenyewe.

Nimeshuka na magunia ya tangawizi kutoka kwetu Myamba, huko milimani. Hiyo ndiyo benki yangu. Niliiacha ardhini nikisubiri bei ipande, ili nimnunulie mama mabati ya kuezekea jiko, maana mvua ikinyesha anapika amejifunika kanga kichwani.

Mnunuzi akaitazama, akataja bei isiyorudisha hata hela ya mbolea.

Nikamjibu mbele za watu, "Kaka, bora nirudi nayo milimani!"

Akinamama wa sokoni wakanipigia vigelegele. Nikajiona shujaa.

Nikaenda kwa mwenye gari. Mafuta yamepanda, na nauli ya mizigo nayo imepanda. Yaani nilipe tena kurudisha tangawizi ileile, na nyingine imeshaanza kusinyaa!

Basi nikarudi kwa yule mnunuzi, kichwa chini. Wale akinamama wakajifanya wanapanga nyanya zao.

"Dada, ile ilikuwa bei ya asubuhi," akasema. Akapunguza tena!

Nikakubali. Ningefanyaje?

Dukani, mabati nayo yamepanda. Hela yangu haikufika hata nusu.

Mama akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeyapata?"

"Bado, mama."

"Basi niletee chumvi. Mvua ya leo imeshakatika."

Hapa nilipo niko stendi na chumvi yangu, nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Wakulima wenzangu, nyie akiba mnaiweka kwenye nini?