Kamba ya Ndege ya Kismayu

Mdomo wangu haujapata kunifaa kwa kitu. Nasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma mwishoni. Huruma ile ni ya mama yangu.

Wakati ule Wataliani walikuwa wamerudi, safari hii wakisema wamekuja kututayarisha tujitawale. Mimi nilikuwa fundi wa vyombo kisiwani Chovae, kijana wa maneno mengi. Mvua zilikuwa zimeanza, makamioni yamekwama njia nzima, barua ya shemeji yangu ikatufikia kwa mkono wa baharia. Aliandika kwamba dada yangu amelazwa hospitali Mogadisho, kifua kimembana, na kila siku anamwulizia mama. Kama anaweza kuja, aje upesi.

Mama hakujua kusoma. Aliniambia niisome mara mbili, kisha akaikunja akaifunga kwenye pindo la leso. "Nipeleke, mwanangu," alisema. "Nimwone uso wake tu." Tangu amwoze mwanawe alikuwa hajamtia machoni.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwani bila hiyo utaniona mwendawazimu. Siku ya kushua chombo kijiji kizima huja kuvuta kamba. Aliye na haja kwa mwenye chombo huishika ile kamba, akaisema haja yake kwa sauti mbele ya watu. Mwenye chombo kama hataki, husema hataki papo hapo. Akinyamaza mpaka chombo kikaingia majini, amekubali, na hawezi kurudi nyuma tena. Dada yangu mwenyewe aliposwa hivyo. Shemeji alishika kamba ya mashua ya baba, akamwomba, baba akatazama pembeni mpaka mashua ikaelea. Basi akawa mke.

Siku chache baada ya barua nilikwenda Kismayu kununua misumari, nikakuta mji umehamia uwanja wa ndege. Kampuni moja ilikuwa imeleta ndege ya kwenda Mogadisho kila wiki, na watu wamealikwa waitazame. Wakubwa wamekalishwa kivulini, sisi wengine juani. Ndege ilikuwa ndogo, na kwa sababu ya upepo ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye vigingi.

Nilipoiona ile kamba, akili yangu yote ilihama.

Nilipenya watu, nikaishika. Nikasema kwa sauti ya pwani, ile ya kuitana chombo kwa chombo, kwamba mimi ni fundi wa Chovae na nina haja na mwenye ndege. Anipe nafasi mbili, yangu na ya mama yangu, bila nauli, nami nitamfanyia jambo ambalo halijafanywa. Nitapanda na chungu cha samaki wa nazi kimetoka motoni hapa Kismayu, nikifungue Mogadisho kingali kinatoa moshi, watu waonje. Kisha pwani yote, kutoka Burgao kwenda juu, itajua ndege ya nani ina mbio.

Ya dada yangu sikuyataja. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Niliona haya kumlilia mtu mbele ya watu, nikaona afadhali nimchekeshe. Ningesema mama yangu ana mgonjwa, labda mtu angenisikiliza.

Mkalimani alimtafsiria wakala wa kampuni, Mtaliani mnene mwenye kofia nyeupe. Wakala akacheka mpaka akafuta macho. Watu wakapiga makofi. Akanishika mkono, akamwita mpiga picha, tukapigwa picha nimeshika kamba yangu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kamba zikafunguliwa, ndege ikakimbia, ikaruka. Mimi nikahesabu kwamba chombo kimeingia majini.

Nilirudi Chovae nimevimba kichwa. Nikamwambia mama haja yetu imekubaliwa, Alhamisi ya wiki ijayo tunaruka. Kabla ya alasiri kisiwa kizima kilikuwa na habari, na wengine wameanza kunipa salamu za Mogadisho.

Siku ya pili akapita mjomba, kaka yake mama, nahodha wa jahazi la boriti. Alikuwa anakwenda Mogadisho, ametia nanga kwetu kwa ajili ya mama. "Dada, funga mzigo," alimwambia. "Upepo uko nyuma yetu. Siku tatu, nne zikizidi sana, umemshika mwanao mkono."

Mama aliinuka. Naapa aliinuka kuchukua mkeka wake.

Nikasema, "Mama, ulale juu ya boriti siku nne, mvua inakunyeshea, na ndege inakungoja?"

"Chombo nakijua, mwanangu," alisema. "Hiyo nyingine siijui."

Mjomba akaniuliza nina karatasi gani mkononi. Nikamwambia karatasi ya nini, nimeomba nimeshika kamba, watu mia wanashuhudia, na mwenye mali amenyamaza. "Wewe ni mchu mzima," akasema kwa lahaja yetu, "lakini yule Mtaliani hakuzaliwa Chovae." Nikaudhika. Nikamwambia yeye anaogopa vitu vipya. Mama akatutazama sote wawili, kisha akaketi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa nyumba tangu baba afe. Jahazi likaondoka bila yeye.

Alhamisi ile mama alipika samaki mwenyewe, kwa jamaa zetu Kismayu. Alichagua nguru, kwa kuwa dada yangu alimpenda nguru. Chungu kikafungwa kwa matambara, akakibeba mikononi mpaka uwanjani, na hakutaka nimpokee.

Karani wa kampuni alikuwa Msomali, kijana mwenye adabu. Alipitisha kidole kwenye orodha mara tatu. Akamwita mama "eeddo", kama anavyoitwa shangazi kwao, akamwambia majina yetu hayamo. Kisha akanigeukia. "Nani alikuahidi?"

"Wakala."

"Alikwambia nini?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu. Aliniambia nini? Hakuniambia kitu.

Wakala mwenyewe akatokea. Alinikumbuka mara moja, akafurahi, akaingia ofisini mwake akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na ile picha. Nilimweleza mkalimani habari ya dada yangu, sasa nikilia bila haya, naye akamweleza. Uso wa Mtaliani ukabadilika. Akasema anasikitika, nafasi zote zimejaa, na watu walikuwa wanapanda huku anasema.

Ndege iliruka. Mama alibaki kwenye benchi, chungu mapajani, mpaka kikapoa.

Chombo kingine tulikipata baada ya siku sita. Tulipoteremka Mogadisho, shemeji alikuwa pwani. Walikuwa wamemzika siku mbili kabla.

Mjomba ndiye aliyenisimulia yaliyobaki, na sijui kama alifanya hivyo kwa kunipenda au kwa kunichukia. Jahazi lake lilifika siku ya nne. Alikwenda hospitali, akamkuta dada yangu macho wazi, anaongea. Dada akamwuliza, "Mama yuko wapi?" Mjomba akaona amtie moyo, akamwambia mama anakuja kwa ndege. Tangu hapo, kila mlio uliposikika juu, alitaka ainuliwe aketi, afungwe leso vizuri, mama asije akamkuta vile.

Mama hajanilaumu kwa neno moja. Mwaka uliofuata niliunda mashua ndogo, nikaitangaza kuwa yake. Siku ya kuishua watu walipanga mstari, nikashika kamba mbele ya Chovae nzima, nikasema, "Mama, nina haja nawe. Nisamehe."

Alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu, anatazama pembeni. Watu wakavuta. Mashua ikateremka, ikagusa maji, ikaelea, naye hakutamka kitu.

Wakaja kunipongeza, wakasema nimeshasamehewa, mama amenyamaza. Nami nilikuwa bado nimeshika kamba, namtazama anavyorudi nyumbani peke yake.