Fundi wa Kakamega Aliyeirudisha Sauti ya Sellah

Mvua ya alasiri inapiga mabati ya kibanda kilicho karibu na soko la Kakamega, na Jael Kageha anaomba watu wanyamaze kidogo. Ameinamisha sikio juu ya diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya mteja. Ndani yake kitu kinagonga, kinanyamaza, kisha kinagonga tena.

"Ikigonga hivi, imechoka," anasema. "Ukiilazimisha, unaimaliza."

Jael ni mzaliwa wa Mayoni, binti wa mkata miwa. Alianza kwa kuwachapia watu barua katika duka la huduma za mtandao mjini. Kompyuta zilizoharibika zilitupwa nyuma ya duka, naye akaomba apewe. Alizifungua na kuzifunga hadi baadhi zikaanza kuwaka.

Alipopata kibanda chake, wateja waliingia, wakamtazama, wakauliza fundi yuko wapi. "Nilikuwa nawaambia, si unaongea naye?" anasema akicheka.

Kazi iliyompa jina ilitoka Khwisero. Mwalimu Erastus Osiako, kiongozi wa kwaya ya kanisa, alifika na kompyuta aliyorekodia nyimbo zao. Ilikuwa ikiwasha taa tu, skrini ikibaki nyeusi. Kwingine alikuwa ameshauriwa aifute diski, aanze upya.

Angeanzaje upya? Mwimbaji wao mkuu, Sellah Nasambu, alikuwa amepasuliwa uvimbe wa koo, na tangu siku hiyo ananong'ona tu. Nyimbo alizoimba akiwa mzima hazikuwepo mahali pengine popote.

"Madam, hii ikipotea, Sellah nitamwambia nini?" mwalimu aliuliza.

"Usimwambie kitu bado," Jael akamjibu. "Na hii kompyuta isiwashwe tena."

Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine kwa namna ya kusomwa tu, isiandikwe chochote. Akaanza kuinakili yote kwenye diski mpya, akitanguliza sehemu nzima na kuziruka zilizoharibika, ili azirudie baadaye. Ile mbovu ilipopata joto aliizima, akaiacha ipoe, akaendelea.

Halafu ikagoma kabisa.

"Nilitoka nje nikasimama tu," anasimulia. "Niliogopa kurudi ndani. Nilimfikiria yule mama."

Aliporudi alibadilisha waya, akajaribu tena. Diski ikazunguka, nayo ikashikilia hadi karibu kila kitu kikanakiliwa. Sasa angeweza kutafuta nyimbo kwenye nakala bila kuigusa ile mbovu. Majina ya faili yalikuwa yamepotea, ikabidi afungue moja moja. Akasikia mahubiri. Akasikia mtu akikohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikapanda, safi, kwaya nzima ikiifuata nyuma.

Jael alipiga ukelele, hata muuza viatu wa jirani akaja mbio akidhani kuna mwizi.

Sellah aliitwa mjini. Wimbo ulipoanza, alijishika mdomo.

"Huyo ni mimi?" alinong'ona.

"Ni wewe, Mama Sellah."

Machozi yakamtoka, lakini mabega yalikuwa tayari yameanza kucheza. Mwalimu Osiako akapiga makofi, muuza viatu naye akaingia, na wapita njia wakajaa mlangoni. "Orio muno, Jael, asante," Sellah alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Kumbe nilikuwa naimbanga hivi!"

Nyimbo zote zilipatikana, isipokuwa mmoja uliokatika kwenye ubeti wa mwisho. Leo Sellah anatumia rekodi hizo kuwafundisha wasichana wa kwaya, na ubeti uliopotea watauimba wao.

Jael naye anatafuta chumba kikubwa atakachokitengea kazi ya kuokoa diski pekee, na tayari makanisa na shule zimemwalika akaonyeshe jinsi ya kuweka nakala ya pili kabla mambo hayajaharibika.

"Nataka mtu akitoka Likuyani na diski yake kwenye mfuko, asiambiwe aende Nairobi," anasema. "Aambiwe, nenda Kakamega, kwa Jael."