Dundu wa Malisho ya Mama

Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya upande wa Mukurweini miaka mingi, na kilichonichosha si damu wala uchafu. Ni watu na sindano. Mtu anakuja na mafua, unampa vidonge, anavitazama kama umempa chakula cha kuku. "Sista, na sindano?" Ukimwambia haihitajiki, anaondoka akinung'unika kwamba siku hizi zahanati haina dawa. Kwetu, dawa isiyouma si dawa.

Kazini nilivumilia. Nyumbani ndiko kulikonishinda.

Baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, mweusi kwa mweupe, aliyempenda kuliko sisi sote, na sitanii. Miaka ya themanini ilipoleta dawa mpya ya minyoo ya kudungwa chini ya ngozi, badala ya ile ya kunyweshwa kwa chupa, baba aliona mbingu zimefunguka. Bwana mifugo wetu, kijana aliyehamishiwa huku kutoka magharibi, hakuweza tena kupita barabarani na pikipiki yake bila kuitwa. Ng'ombe amekohoa, sindano. Maziwa yamepungua kidogo, sindano. Amekuja kumzalisha ng'ombe wa jirani, basi apitie na kwetu, chai iko tayari.

"Hii ng'ombe iko na macho ya usingizi, daktari. Dunga tu."

"Mzee, si nilidunga juzi juzi?"

"Ati juzi? Wewe dunga."

Naye alidunga, maana kubishana na mzee huku umeshika kikombe chake cha chai si rahisi.

Sasa mama. Yeye alikuwa na kipande cha nyasi chini ya nyumba, kuelekea mtoni, alichokipigania tangu baba aanze kupanda kahawa. Kila msimu baba alitaka kukilima, na kila msimu mama alisema ng'ombe lazima atembee, ajichagulie nyasi kwa mdomo wake, si kufungiwa bandani kama mahabusu. Mwishowe walipatana: siku kipande kile kitakaposhindwa kumlisha ng'ombe, miche ya kahawa itaingia.

Kikaanza kushindwa, tena mvua ikinyesha vizuri. Tatizo lilikuwa mavi. Zamani yakianguka asubuhi, dundu walikuwa wameshafika kabla hayajapoa. Waliyatoboa, wakayavunjavunja, wakayazika, na baada ya muda mfupi huoni kitu ila nyasi mbichi. Sasa yalibaki palepale yakakauka, kama chapati zilizosahauliwa jikoni. Na ng'ombe hali nyasi iliyo karibu na mavi yake. Alizunguka tu akinusa, mbavu zikianza kuonekana. Mama aliyageuza kwa kijiti, hapa na pale. Hakuna dundu, hakuna hata shimo.

"Wafanyakazi wangu wameenda wapi?" aliniuliza.

Nilimvizia bwana mifugo kwenye pikipiki yake, nikamuuliza dawa ile ikishaingia mwilini mwa ng'ombe inatokea wapi.

"Kwa mavi, sista. Mingi inatoka hivyo."

"Na mdudu akila hayo mavi?"

Alikuna kichwa. "Mdudu na minyoo, dawa haichagui. Sana sana inamaliza watoto yake."

Nilimweleza baba. Nilimweleza polepole, kisha kwa sauti, kisha kwa machozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Maitu, ati niache ng'ombe yangu iliwe na minyoo juu ya wadudu ya mavi?" Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La baba halikusikia kitu kingine ila dawa.

Mama hakubishana. Alichukua jembe. Kila asubuhi aliteremka kuyavunja mavi na kuyafukia, fungu kwa fungu, ameinama, akifanya peke yake kazi ya dundu wote wa mteremko ule. Baba aliketi na chai yake juu kule akimwonyesha alipofukia vibaya. Niliwapigia kelele wote wawili. "Acha kahawa ipandwe!" nilimwambia mama.

"Ng'ombe atembee," alinijibu, akaendelea.

Mpaka mgongo ukamkamata. Aliletwa zahanati ameshikiliwa huku na huku. Nikampa dawa ya kuchua, nikampa vidonge, nikamwambia alale. Alivitazama vile vidonge.

"Na sindano?"

Nilitoka nje nikasimama uani, maana ningesema neno ambalo mtu hamwambii mama yake.

Mama akiwa kitandani, baba alipiga hesabu zake. Ng'ombe akifungiwa bandani, kuna mtu wa kumkatia nyasi na kumbebea kwa mgongo, na mtu huyo sasa angekuwa yeye. Akachagua jembe. Haukupita muda mrefu bwana mifugo akaja, akamkuta mzee amekaa chini kwenye nyasi, ameshika kiuno.

"Leo hapana," baba alisema. "Ng'ombe ni mzima."

Tangu siku hiyo sindano ilikaa mbali, na mvua ndefu za masika zilipofika dundu walirudi. Malisho yakapona. Na baba? Baba aliwaambia wageni wote kwamba ni zile sindano zilizosafisha shamba. Nilitaka kupasuka.

Mgongo wa mama haukunyooka tena. Alitembea na fimbo, uso ukitazama ardhi. Asubuhi moja aliniita kule chini nione. Mavi yalikuwa bado yanatoa mvuke, na dundu walikuwa wamejaa, wakisukumana.

"Unaona?" alisema. "Siku hizi hata si lazima niiname."

Akacheka mwenyewe. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa nimemkasirikia baba, na ng'ombe, na yeye pia, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.