Boma la Mawe Juu ya Bonga

Ukitoka Babati mjini ukaishika barabara ya Dodoma, ukifika Bonga utaona kilima chenye ukuta wa mawe kichwani. Wenyeji wanapaita bomani. Nilikuwa nimefundisha historia hapa mjini miaka kadhaa kabla sijapanda kule, na siku niliyopanda nilipandishwa na baba mkwe wangu. Alitaka kuhakikisha kwamba mwanawe hakumwoa mwalimu wa uongo.

"Haya, mwalimu," akaniambia tulipofika juu. Mimi nilikuwa nimeshika kiuno nahema, yeye hata jasho halikuwa limemtoka. "Huu ukuta aliujenga nani?"

Nikamjibu kwamba vitabu nilivyosoma havisemi. Inawezekana ni Wajerumani, inawezekana ni watu wa kabla yao, ungehitajika utafiti. Akanitazama kama mtu aliyenunua redio, akaifikisha nyumbani, akakuta haishiki stesheni hata moja.

"Hakuna cha utafiti," akasema. "Kaa hapo kwenye jiwe nikusimulie."

Basi nikakaa, na huo ukawa mwanzo wa kuisikia hadithi ambayo nimeisikia tena misibani, harusini, sokoni, na mara moja kwenye foleni ya hospitali, ambako mgonjwa aliyekuwa mbele yetu aliitwa na daktari akakataa kuingia mpaka iishe.

Zamani za utawala wa Kaizari, alisema, alikuja hapa sajini mmoja wa Kijerumani mwenye tumbo kubwa, na askari wake, na viboko vya ngozi vya kuchapia watu. Sajini akaona Ziwa Babati, akalipenda. Akajenga nyumba kando ya maji, akapanda kabichi, maana hakuweza kula chakula kingine. Kabichi zikafunga vizuri. Usiku viboko wakatoka ziwani, wakala bustani nzima. Sajini akapanda tena. Wakala tena. Mara ya tatu akakesha na bunduki, akafyatua gizani, akamuua punda wake mwenyewe. Asubuhi akawaita watu wote, akaonyesha kilima kilicho mbali kuliko vyote na maji, akasema mnijengee kule, kiboko hapandi mlima.

"Unaona?" baba mkwe akamalizia, machozi ya kicheko yakimlenga. "Alikuja kututawala kwa viboko, akatimuliwa na viboko!"

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, na nadhani hapo ndipo aliponisamehe suala la utafiti.

Hadithi ilikuwa na mkia. Vita vilipokuja, sajini aliondoka kwa haraka, akafukia sanduku la rupia mahali fulani ndani ya boma. Sehemu hiyo baba mkwe aliisema kwa sauti ya chini, ingawa waliokuwepo karibu walikuwa mbuzi tu. Kisha akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba mtu mwenye akili zake hachimbi mali za watu. Wajinga ndio huchimba.

Mama mkwe, tuliporudi nyumbani, aliuliza swali moja tu. "Amekuambia ya kabichi?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta mbaazi.

Sasa, mwaka mmoja wakati wa likizo, gari la watalii wawili liliharibikia Babati. Walikuwa mzee wa Kijerumani na mke wake, wanaelekea Kondoa kuona michoro ya miambani. Kipuri kikawa kinasubiriwa kutoka Arusha. Mwenye gesti waliyofikia, alipoona wamekaa kibarazani wamechoka kutazama malori, akawaambia kuna boma la babu zao huko Bonga. Tena kuna mzee anayelijua, na mkwe wake anazungumza Kiingereza. Ndivyo nilivyojikuta asubuhi napanda kilima tena, mbele baba mkwe amevaa koti lake la kanisani, nyuma wageni na kofia zao.

Na nyuma ya wageni, watu. Mwanzoni walikuwa wachache. Tulipofika nusu ya njia niligeuka nikaona shati moja baada ya jingine likipanda, kina mama wamefunga kanga viunoni, na vijana wa bodaboda wameacha pikipiki zao barabarani bila mtu wa kuzilinda. Nilimuuliza jirani yetu mmoja, mama muuza nyanya, kulikoni.

"Mwalimu, wewe si umesoma?" akaninong'oneza. "Mjerumani anapanda kilima bure? Huyo ana ramani ya babu yake."

Juu, baba mkwe akaanza hadithi yake, nami nikatafsiri. Niseme kweli, kazi ile iliniumiza kichwa. Tumbo la sajini nililipunguza kidogo kwa sababu mgeni wetu mwenyewe alikuwa nalo. Punda nilimfikisha salama. Lakini tulipofika kwenye viboko na viboko, nikakwama. Kwa Kiingereza yule mnyama ana jina lake na ule mjeledi una jina lake, na hayo majina hayajawahi hata kusalimiana. Nikasema tu kwamba sajini alihama kwa ajili ya wanyama. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Hawakucheka.

Baba mkwe akaniangalia kwa mashaka. "Mbona umesema maneno machache? Mimi nimeongea mengi."

"Baba, Kiingereza ni kifupi."

"Rudia. Hawajacheka."

Nikarudia, nikaongeza mikono. Yule mama wa Kijerumani akatabasamu kwa huruma, nadhani alinihurumia mimi. Baba mkwe akaridhika nusu.

Mume wa yule mama hakuwa anasikiliza. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kujenga nyumba kabla ya kustaafu, na tangu afike alikuwa anaupapasa ukuta, anafumba jicho moja na kuuchungulia kwa mbali, anagonga mawe kwa kifundo cha kidole. Mwisho akatoa hukumu, nami nikaitafsiri.

"Baba, anasema ukuta huu haukujengwa na Wajerumani. Anasema umepinda."

Baba mkwe akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwambie," akasema polepole, "umepinda kwa sababu aliyeusimamia alikuwa na njaa. Kabichi zilikuwa zimeliwa."

Nikamwambia. Mjerumani akasema hata akiwa na njaa, Mjerumani hutumia timazi, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta. Baba mkwe akajibu kwamba timazi iliachwa ziwani. Mjerumani akaonyesha kona kwa kidole, baba mkwe akaonyesha kona nyingine. Baada ya dakika chache hawakunihitaji tena. Kila mmoja alikuwa anaongea lugha yake, wameinamia jiwe moja, wamelishika wote wawili kana kwamba linataka kukimbia. Mama wa Kijerumani akawapiga picha.

Kisha yakatokea yaliyotokea. Mgeni alikuwa anatembea kando ya ukuta akiupima kwa hatua zake ndefu, na watu wote wanamfuata kwa macho. Alipofika kwenye kona ya mashariki akasimama ghafla. Akavua kofia. Akainamisha kichwa, akafumba macho, akasema maneno fulani mazito ya Kijerumani. Mkewe akamkimbilia, akatoa kitu kidogo mkobani, akampa. Mzee akainama, akakaa vile kitambo, mkono wake ukihangaika huko chini.

Mimi nilikuwa karibu. Msuli wa mguu ulikuwa umemkaza, na kile kitu kidogo kilikuwa dawa ya kuchua. Lakini waliokuwa mbali waliona Mjerumani amevua kofia, ameomba kwa lugha ya mababu, na amegusa ardhi.

Tukiwa tunashuka nilieleza. Nilieleza kwa sauti, kwa kila aliyeuliza. "Ni msuli tu, jamani. Mguu ulimkaza."

"Sawa, mwalimu," wakasema.

Yule muuza nyanya akanifinya mkono. "Usijali. Fungu lako hatuliulizi."

Kesho yake asubuhi mama mkwe akanipigia simu. Kwa kawaida huanza kwa habari za nyumbani, za wajukuu, za kazi. Siku hiyo alisema, "Njoo umtoe baba yako shimoni."

Nikachukua bodaboda. Kutoka barabarani kilima kilionekana kama siku ya mnada. Majembe, sururu, makoleo, na mtu mmoja aliyekuja na mwiko wa ugali kwa sababu hakupata kingine. Wote walikuwa kona ya mashariki. Na ndani ya shimo, udongo ukiwa umemfika kifuani, alikuwa baba mkwe wangu, suruali imekunjwa magotini.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Usinitazame hivyo. Mimi ninalinda."

"Unalinda ukiwa ndani?"

"Utalindaje shimo ukiwa nje?" akasema, akatupa koleo la udongo, likaniangukia kwenye viatu.

Wakati huohuo honi ikalia barabarani. Kipuri kilikuwa kimefika usiku, na wageni walikuwa wanaendelea na safari yao. Waliona watu wengi kilimani, wakadhani tumekuja kuwaaga. Gari likasimama, mama wa Kijerumani akatoka, akapunga mkono wake wote. Kilimani pakawa na hofu kuu. Majembe yakafichwa nyuma ya migongo. Mtu mmoja akayakalia makoleo mawili. Baba mkwe akachuchumaa, akapotea kabisa shimoni. Mimi peke yangu nikapunga mkono. Gari likaondoka.

"Wamejua," mtu akasema.

"Ndiyo maana wanacheka," akasema mwingine.

Wakachimba kwa nguvu mpya, na haikuchukua muda sururu ikagonga kitu. Ngo! Udongo ukafutwa, likaonekana jiwe bapa, limelazwa sawasawa, kazi ya mkono wa mtu. Mzee mmoja wa kanisa akasema haliwezi kufunuliwa bila maombi, huenda sajini aliacha mlinzi asiye wa kawaida. Tukafumba macho. Mimi nilifumbua kidogo, nikamwona baba mkwe naye amefumbua, anawachunga waliofumba.

Jiwe likainuliwa. Chini yake kulikuwa na jivu jeusi, mifupa ya mbuzi, na vipande vya vyungu.

Siwezi kueleza huzuni iliyokishukia kile kilima. Mtu mmoja aliangusha sururu akaketi kabisa. Lakini mimi, jamani, moyo uliruka. Moto wa zamani! Watu waliwahi kukaa pale, wakapika, wakala, labda kabla ya sajini yeyote kufikiriwa. Nikashuka shimoni na sketi yangu nikipiga kelele, "Msiguse! Msiguse chochote!"

Hilo lilikuwa kosa kubwa. Mwalimu akipiga kelele msiguse, ina maana ameona dhahabu. Waliokuwa wameketi wakainuka, waliokuwa wanashuka wakarudi mbio, wote wakasukumana ukingoni. Ule ukuta, ambao labda ulikuwa umesimama karne nzima kwa uvumilivu tu, ukatikisika. Mawe ya juu yakaporomoka upande wa pili. Mbuzi wakakimbia. Watu wakakimbia kuliko mbuzi. Tukabaki shimoni mimi na baba mkwe, tumekumbatiana, jambo ambalo mila za pande zote mbili haziruhusu. Tukaachana haraka.

Vumbi lilipotulia tukaona nyuso mbili ukingoni. Mmoja alikuwa mama mkwe. Mwingine alikuwa mtendaji wa kata, mama mfupi mwenye mwavuli, aliyepanda kilima kizima kwa viatu vya ofisini na hakuwa na furaha.

"Mzee," akasema mtendaji, "unafanya nini humo?"

Baba mkwe akajipangusa. "Tunafanya utafiti," akasema. "Huyu ni mwalimu wa historia."

Mama mkwe hakuwasikiliza. Alinyoosha mkono nikampa kipande kimoja cha chungu. Akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Kimeungua," akasema. "Aliyepika hapa aliacha maharage akaenda kupiga soga." Akatazama lile jivu tena, uso wake ukalainika kidogo. "Masikini. Sijui alisemwa kiasi gani siku hiyo."

Watu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu sana, hata mtendaji akafunika mdomo kwa mwavuli. Lakini amri alitoa vilevile: vipande vipelekwe kwa afisa utamaduni mjini, shimo lifukiwe, na mawe yarudishwe ukutani kabla mtu hajaondoka. Kazi ikachukua mpaka jioni. Baba mkwe alisimamia. Kila jiwe alilitazama kwa jicho moja, amefumba jingine, na aliyepindisha alirudia.

Wiki moja hivi alilala akiugua mgongo, mama mkwe anamchua na kumkumbusha maneno yake kuhusu wajinga. Hadithi ya sajini haikutajwa nyumbani kwa muda, mpaka nikaanza kuikosa.

Kisha yule mama wa Kijerumani akanitumia picha kwenye simu. Wazee wawili wameinamia jiwe, midomo wazi, kila mmoja amenyoosha kidole upande wake. Baba mkwe aliitazama kwa muda mrefu. Akaenda mjini studio, akaisafisha kubwa, akaiwekea fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Mgeni akiingia huambiwa, "Huyu ni rafiki yangu. Ni fundi. Mbishi sana."

Siku aliyoitundika aliniita. "Mwandikie," akasema.

"Nimwambie nini, Baba?"

Akafikiri. "Muulize mguu wake unaendeleaje. Mwambie na mimi mgongo ulinisumbua, ila sasa naendelea vizuri. Akija tena asilale gesti, kitanda kipo. Aje wakati wa mbaazi mbichi, mama yako atazipika na nazi."

Nikaandika, nikamsomea, akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Kisha akasema nitume.

Nikatuma.