Mfinyanzi Kawanyang'anya Wageni Wangu Sahani

Leo wageni wangu wamenyang'anywa sahani. Wakiwa wanakula!

Mtu nimepikia hoteli kubwa Dar, nimepewa na tuzo, nikarudi Kyela kufungua mgahawa wa hadhi.

Nikamwagiza Mama Subi, mfinyanzi wa kule ziwani, sahani za udongo zilizopinda. Ndiyo mtindo.
Akaguna. Akaleta zilizonyooka kama kapimia rula!

Basi nikanunua zilizopinda kwa mkwewe, kimyakimya.

Mchana huu tumefungua. Mama Subi, niliyemwalika mwenyewe, akainamia meza ya kwanza.

"Mwe bandu, enyi watu! Hizi si zile zilizoniharibikia, ninazolishia kuku wangu?"

Akaanza kuzikusanya. Samaki wa mheshimiwa mmoja akammiminia kiganjani, na mchuzi wake.

"Mama, ndiyo mtindo!"

"Mwanangu, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na plastiki zikajaa sokoni, wenzangu waliacha kufinyanga. Mimi nilibaki kwa sababu vyangu havipindi. Leo unanitangaza kwa vya kuku?"

Nikakimbilia stoo kuleta zilizonyooka.

Narudi, mheshimiwa analamba kiganja, anawaeleza wenzake kwamba huko Ulaya ndivyo wanavyokula siku hizi.

Na meza ya pili yote wamekinga mikono.

Jamani, hii ya kiganjani niiweke kwenye menyu?