Wimbo wa Shangazi na Kilima cha Mtandao

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka magoti yananiuma yenyewe, bila baridi wala kazi. Nimeisimulia mpaka mdomo umechoka, na kila nikidhani nimemaliza, anatokea kijana mwingine na kompyuta yake kuniuliza lile lile. Juzi wewe na mwenzako mlibishana pale Mollo mpaka kuku wakaacha kutaga. Wewe unasema programu yenu ya wakulima wa ulezi iwe tovuti, mtu anaingia kwenye intaneti anaifungua. Mwenzako anasema hapana, iwe aplikesheni ya kupakua, inayokaa ndani ya simu yenyewe. Mimi darasa la nne nililisoma mara mbili, wala si kwa kulipenda, lakini kwenye jambo hili nina shahada ya matope. Kaa basi nikuambie, maana nguvu za kusimulia tena sijui kama ninazo.

Siku hizo nilikuwa bado kijana. Usicheke. Kijana wa miaka arobaini na tano, kwa sababu sisi Wafipa baridi inatutunza kama nyama kwenye friji. Nilikuwa mwenyekiti wa kwaya ya kigango chetu kule Kasense, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, naimba sauti ya nne, na nikiivuta ile sauti mpaka chini, madirisha ya kanisa yalikuwa yanaomba msamaha.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa shangazi yangu Yustina. Nyimbo zote alizitunga mwenyewe, akaziandika kwenye madaftari matatu kwa mwandiko wake, akayafunga kwa kipande cha kitenge. Nakala nyingine haikuwepo duniani. Sisi tulizoea kuimba kwa kumfuata: anatutajia mstari, tunaupokea, anatutajia mwingine, tunaupokea. Miaka yote hiyo hakuna aliyejishughulisha kukariri. Ubeti wa kwanza na kiitikio, hivyo hata mbuzi wa Kasense walivijua. Zaidi ya hapo, kitabu chetu kilikuwa mdomo wake.

Basi akaugua. Akaniita nyumbani, kakaa kitandani, mwembamba kama fito, lakini ulimi bado una nguvu zake.

"Didasi, nikifa mtaniimbia ule wimbo wangu wa safari. Beti zote nne. Mkiruka hata mmoja, nitaamka niwachape."

"Hutakufa, shangazi."

"Sikukuuliza kama nitakufa. Nakuambia mtaimba nini."

Nikatoka pale nimechanganyikiwa. Nikamwendea Oresta, binti wa kaka yangu, alikuwa anafanya kazi za kompyuta mjini Sumbawanga. Nikamwambia nataka nyimbo za bibi yako ziingie kwenye simu, kila mwanakwaya awe nazo kiganjani. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

"Ba'mdogo, njia ziko mbili. Naweza kutengeneza tovuti. Wiki mbili iko tayari. Simu yoyote inafungua, hata ya jirani, na nikisahihisha kosa moja, wote mnaliona limesahihishwa hapo hapo. Au nitengeneze aplikesheni ya kupakua. Hiyo ni miezi mitatu, maana simu zenu si za aina moja, kila aina inataka ya kwake. Lakini mkishaipakua, nyimbo zinakaa humo humo, hata ukiwa shimoni zinafunguka."

"Miezi mitatu shangazi hana."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza, mtaimbia wapi?"

Mwanangu, swali lilikuwa hilo tu. Fupi, la maneno mawili. Nami nikalijibu bila hata kufikiri: "Si hapa hapa mjini, mtandao umejaa mpaka unatiririka mitaroni!"

Oresta akaniangalia. Akasema ipo njia ya katikati, tovuti inaweza kutengenezwa ikajihifadhi kwenye simu, mkishaifungua mara moja mahali penye mtandao basi inabaki. Lakini anaomba wiki moja zaidi. Nikamwambia wiki moja ni nyingi, asinitafutie mambo. Haraka ile ilikuwa ya mapenzi, sikatai. Nilitaka shangazi aone kabla hajaondoka. Ila na majivuno yalikuwemo, maana kwaya ya Mollo ilikuwa haina kitu kama hicho, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mwenye satelaiti.

Wiki mbili, tovuti ikawa tayari. Nikampelekea shangazi simu kitandani. Akauona wimbo wake kwenye kioo, akapitisha kidole, akacheka mpaka akakohoa.

"Na mimi nikipelekwa nyumbani, huu wimbo utakuwepo?"

"Utakuwa kila mahali, shangazi. Hata mwezini."

"Mwezini sina ndugu. Nauliza nyumbani."

"Na nyumbani."

Nyumbani kwake, mwanangu, ndiko nyumbani kwangu. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Matai, bondeni, unashuka mpaka masikio yanaziba. Nimezaliwa kule. Najua kila kichuguu. Na ninajua vizuri kabisa kwamba mtu wa kule akitaka kupiga simu anapanda kilima, anasimama kwenye jiwe moja lililolainika kwa miguu ya watu, ananyoosha shingo kama twiga ndipo anasema haloo. Nilikijua kile kilima kuliko ninavyoijua katekisimu. Lakini nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi, mtandao nauvuta kama hewa, nikasahau kwamba kuna watu hewa hiyo wanaipandia mlima.

Shangazi akafariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, watu wako mashambani wanafukia nyasi kwenye matuta yetu ya duara, yale ntumba. Waliacha majembe wakaja. Tukapakia jeneza kwenye fuso, na kwaya nzima juu, sare zimepigwa pasi. Kabla ya kulifunga jeneza nikapata wazo lingine. Ah, siku hizo kichwa changu kilikuwa kinazaa mawazo kama panya. Nikasema haya madaftari yalikuwa mwenzake wa maisha, aende nayo, sisi tunazo nyimbo kwenye simu. Wanawake wakalia kwa uzuri wa jambo lile. Tukamwekea kifuani, na kile kitenge chake. Fundi akapiga misumari.

Njiani tuliimba za kawaida. Tulipofika, aliyetupokea ni baba mkubwa Simoni, kaka yake marehemu, mzee mrefu asiyependa maneno. Ibada ikaenda, jeneza likashushwa, katekista akasema, "Sasa kwaya itatuimbia wimbo wa marehemu, kama alivyoomba."

Nikatoa simu mfukoni kama askari anayechomoa upanga. Tukaanza ubeti wa kwanza, tukaumaliza vizuri, kiitikio kikapanda mpaka ndege wakahama mkoa. Nikafungua tovuti kwa ajili ya ubeti wa pili. Kwenye kioo kikatokea kile kiduara, kinazunguka. Kikazunguka. Tukarudia kiitikio. Kinazunguka. Tukarudia tena.

Anjelina wa sauti ya kwanza akaninong'oneza, "Mwenyekiti, kwako imefunguka?"

"Bado inafikiri."

"Na yangu inafikiri. Zote zinafikiri. Sisi tufanye nini?"

Kiitikio cha nne kikafa chenyewe katikati, kama gari lililoishiwa mafuta. Kijiji kizima kinatutazama na sare zetu. Wanakwaya thelathini wameinamia simu, utafikiri tunamsalia mungu mwingine.

Baba mkubwa Simoni akanijia mpaka karibu. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga fimbo.

"Didasi, ulimwambia dada yangu wimbo wake utakuwa kila mahali. Hapa ni wapi?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Madaftari yake yako wapi?"

Nikaangalia kaburini. Mzee akanyoosha kidole kilimani, akasema, "Panda kilima. Wewe mwenyewe, usimtume mtu. Sisi tunakusubiri."

Mafundi wa kaburi walikuwa na mfuko wa saruji mtupu. Nikachana karatasi yake, nikaazima kalamu ya katekista, maana simu yangu kioo kikizima tu ukurasa unajifuta, nikakimbia. Nakuambia kile kilima siku ile kilikuwa kimerefuka, mtu alikivuta juu makusudi. Nilifika kwenye jiwe ulimi uko nje kama wa ng'ombe wa mnadani, nikanyoosha mkono na simu. Kiduara kikazunguka mpaka ndevu zikaniota, halafu, taratibu, wimbo ukafunguka. Beti zote nne. Pale pale nikaona wingu limetoka upande wa ziwa, jeusi, linakuja kama lina deni na mimi.

Mwanangu, mwandiko wangu ni wa mtu anayechimba. Kila herufi naipandia tuta. Ubeti wa pili niliuandika wote. Wa tatu niliuandika wote, na karatasi ya saruji inachanika. Kwenye wa nne matone yakaanza. Kioo kikalowa, nikigusa kinaruka huku, nikigusa kinaruka kule, kikafuta kila kitu na kiduara kikarudi. Nikaifuta simu kwa sare, kwa shati, kwa nywele. Bondeni nikaona watu wameshika mapembe ya turubai juu ya kaburi, na maji yanaanza kuingia. Hawawezi kungoja zaidi. Marehemu hawezi kulala majini kwa sababu mimi naandika polepole.

Nikashuka nikiteleza, mara kwa miguu, mara kwa makalio. Nikasimama kaburini na kile kipande cha mfuko, nikawatajia mistari kama alivyokuwa anatutajia yeye, kwa sauti ya mtu anayepumua kwa masikio. Wa pili tukauimba. Wa tatu tukauimba. Wa nne haukuwepo. Mzee Simoni akangoja kidogo, akanitazama, akaokota udongo, akaanza kufukia.

Aliomba nne, tukampa tatu. Alisema ataamka atuchape. Nilisimama pale kwenye mvua nikitamani aamke kweli.

Baadaye Oresta aliongeza ile wiki yake moja. Tovuti ikawa inajihifadhi kwenye simu, ikafunguka hata bondeni kule. Arobaini ya marehemu tukaimba beti zote nne, vizuri kabisa. Lakini mazishi ni siku moja, mwanangu. Hayana marudio. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema "asanteni", akaingia ndani.

Na usidhani nilipata akili hapo. Nilipona ugonjwa mmoja nikakimbilia mwingine. Kigango kilipotaka kitu cha kutangazia ratiba za ibada, nikapiga meza: iwe ya kupakua, nimekwisha kuumwa na tovuti! Oresta alinisihi, nikamwambia wewe hukuwepo kwenye kile kilima. Basi ikajengwa. Akina mama simu zimejaa picha za wajukuu, hakuna pa kuiweka. Waliobahatika kuipakua hawakuisasisha, ratiba ikibadilika wao wanabaki na ya zamani. Dominika moja nusu ya waumini walifika misa imeisha, wakakutana mlangoni na nusu nyingine inayotoka, wakapeana shikamoo. Padre aliniita. Hayo tuyaache, nimechoka kuaibika mara mbili kwa siku moja.

Kwa hiyo mnaponiuliza tovuti au ya kupakua, mimi sina upande. Zote mbili zimenitia matope. Ninachokuambia ni hiki: kabla hujagusa kompyuta, nenda ukasimame pale atakaposimama yule mtu siku anayokihitaji hicho kitu. Si ofisini kwako. Nenda shambani kwake, bondeni kwake, na simu yake ile yenye ufa, si yako. Kama mtandao haufiki, kitu kikae ndani ya simu, iwe kwa kupakua, iwe kwa tovuti inayojihifadhi. Kama habari zenyewe zinabadilika kila siku na simu za watu zimejaa, basi tovuti, na usione aibu kwamba haina kipicha chake cha kujivunia kwenye kioo cha simu. Na kama kazi inataka muda zaidi kidogo, utoe. Haraka hata ikiwa ya mapenzi ni haraka tu. Na la zamani usilizike mpaka jipya limeshajaribiwa mahali pagumu kuliko pote.

Na mtu akikuuliza swali fupi, kama Oresta alivyoniuliza, lijibu polepole. Kaeni wewe na mwenzako, mmuulize mkulima wa ulezi anasimama wapi anapoitafuta bei na mbegu. Yeye ndiye atakayemaliza ubishi wenu, sio mimi.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla ya vidole. Kazi ya mikono yako imfae mtu wa bondeni sawasawa na wa mjini, na siku utakapoahidi jambo kwa mgonjwa, Mungu akuwezeshe kulitimiza lote, mpaka ubeti wa mwisho. Amina.